Limau kwenye Tope la Rukwa

Ukitoka Mbalizi, mkoani Mbeya, kuelekea Galula, barabara inashuka na joto linapanda. Kabla ya Mkwajuni nilishavua sweta. Njia nzima ni vumbi na makundi ya ng'ombe, lakini mimi nilifuata tope la Ziwa Rukwa.

Rukwa halina mto unaotoka. Songwe unaingia, Momba unaingia, kisha jua linachukua maji na kuacha chumvi na magadi. Si kali kama Ziwa Natron, ndiyo maana perege bado wanavuliwa. Hata hivyo karatasi yangu ya kupimia ilionyesha alkali, kinyume cha asidi, mara tu ilipolowa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umefuata samaki au dhahabu?"

"Tope, mzee."

Mvuvi yule hakucheka. Alinionyesha mahali pa kukanyaga, maana mamba wapo, akaniazima jembe. Juu palikuwa na ukoga wa kijani, na chini yake tope jeusi kama masizi. Weusi ule ni kazi ya bakteria wasiohitaji oksijeni: wanapumua kwa salfeti, aina ya chumvi ya salfa iliyomo kwenye maji ya chumvi, na kutoa salfaidi, kemikali nyingine ya salfa, nayo ikikutana na chuma tope linakuwa jeusi. Tuliliacha juani tukizungumza, na lilipoguswa na hewa likaanza kupauka, kwanza kijivu, halafu hudhurungi.

Harufu yake ilikuwa hafifu. Mzee alisema tope la mtoni linanuka zaidi. Kwenye maji ya alkali sehemu kubwa ya salfaidi hubaki imeyeyuka, haipandi kama gesi. Nikamwomba limau ambalo mkewe alitaka kutilia samaki, nikakamulia kwenye bonge la tope. Likatoa povu, na uvundo wa mayai viza ukatupanda puani hadi watoto wakakimbia. Povu ni magadi yanayokutana na asidi. Uvundo ni salfaidi iliyofunguliwa. Nimefundisha jambo hili ubaoni kwa chaki, lakini sijawahi kulifurahia kama siku ile.

Kinachonishangaza zaidi ni viumbe wenyewe. Alkali kali ingeharibu chembe hai ya kawaida, ila wao hulinda undani wao usifikie ukali wa maji ya nje, na wengi hutumia sodiamu, iliyojaa tele huko, kuendesha shughuli za mwili. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) vya bakteria wapenda alkali vimo hata kwenye sabuni za unga tunazofulia, kwa kuwa haviharibiki ndani ya maji ya sabuni yenye alkali.

"Ziwa likikauka wanakwenda wapi?" mzee akauliza. Alisema baba yake aliwahi kutembea kwa miguu palipo na mitumbwi leo.

Nilimjibu kwamba wengi hufa, ila baadhi hujifungia ndani ya ganda gumu, chakula wasile, wasizaane, hadi maji yarudi. Akachukua jembe na kwenda hatua kadhaa juu, palipokauka kwa chumvi nyeupe, akachimba mwenyewe. Chini ya ukoko ule tope lilikuwa bichi, na jeusi vilevile.