Herufi Zilikuwa Ndogo

Ukifika Woodland mwezi wa nane, kinachokupokea kwanza ni harufu ya nyanya. Malori yanapita usiku na mchana yakiburuta matela mawili mawili yaliyojaa pomoni, na kila kwenye kona utakuta nyanya zilizomwagika zimesagwa na matairi. Mji huo uko Kaunti ya Yolo, California, si mbali na Sacramento, na kiangazi kizima shughuli kubwa ni hiyo: kuvuna, kubeba, kupika, kutia kwenye makopo. Mimi nilikuwa kibarua wa zamu ya usiku katika kiwanda kimojawapo.

Aliyenipeleka TANA, karakana ya kuchapa mabango, alikuwa mwenzangu wa zamu, Mkongomani wa Bukavu. "Kaka, si ulisema kwenu ulikuwa unachapa fulana? Kuna pahali hapa wanachapa mabango, na mlango uko wazi kwa kila mtu." Ni kweli, kabla ya kusafiri nilikuwa nachapa fulana Kariakoo: za kampeni, za harusi, za misiba. Nikaenda nikijua naenda kuona kazi ninayoifahamu.

Na vifaa vilikuwa vilevile. Fremu ya mbao, wavu uliokazwa, dawa inayoganda ikipigwa mwanga, kibao cha mpira cha kuvutia rangi. Ila Kariakoo mteja alikuja na picha yake tayari, wewe ukachapa, akalipa, akaondoka. Pale nilikuta vijana wa sekondari wamezunguka meza wanabishana kwanza bango liseme nini, na ubishi wenyewe ulichukua muda mrefu kuliko uchapaji.

Jina kamili ni Taller Arte del Nuevo Amanecer, karakana ya sanaa ya mapambazuko mapya. Ilianzishwa mwaka 2009 na Malaquias Montoya na Carlos Jackson, walimu wa masomo ya Wachicano katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Wachicano ni Wamarekani wenye asili ya Mexico, hasa wale waliolibeba jina hilo kwa fahari katika harakati za miaka ya 1960. Montoya mwenyewe alikulia katika familia ya vibarua wa mashambani, na kizazi chake ndicho kilichojaza kuta za California mabango. Mwaka 1965 vibarua Wafilipino walipogoma kwenye mashamba ya zabibu ya Delano, wenzao wa Mexico wakajiunga nao siku chache baadaye, na mgomo ukaenda hadi 1970. Watu wa namna hiyo hawana fedha za kupeleka kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Wavu na rangi vinaingia kwenye gereji ya mtu, na kufikia asubuhi maandamano yana mabango.

Jambo moja lilinichekesha, na bado linanichekesha. Chuo hichohicho cha Davis ndicho ambacho wataalamu wake walibuni mashine ya kuvuna nyanya, na wakazalisha nyanya yenye ngozi ngumu ya kuhimili mashine hiyo. Katika miaka ya 1960 maelfu ya wavunaji wakakosa kazi. Leo mkono mmoja wa chuo una mashine, mkono mwingine una karakana ya watoto wa wavunaji. Nilipolisema hilo pale mezani, vijana walinitazama kama mtu aliyechelewa sana kupata habari.

Bango la msimu ule lilikuwa la binti mmoja wa kidato cha juu, ambaye mama yake alifanya kazi ya nyanya. Lilihusu joto. Bonde lile linafika nyuzi 40 bila shida, na California mwaka 2005 ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka kanuni za kuwakinga na joto wanaofanya kazi nje: maji ya kunywa karibu lita moja kwa kila mtu kwa kila saa, kivuli, na haki ya kupumzika mwili upoe kabla hujazidiwa. Binti alichora jua kubwa la manjano, mwanamke aliyeinama anachuma, na rundo la nyanya nyekundu miguuni pake. Juu aliandika AGUA Y SOMBRA, maji na kivuli. Chini akazipanga kanuni zote, mstari kwa mstari.

Mwalimu wa karakana alikuwa ametuonyesha kitabuni kazi ya Ester Hernández ya mwaka 1982, *Sun Mad*. Ni lile boksi la zabibu kavu la Sun-Maid analolijua kila Mmarekani, isipokuwa msichana mwenye kofia nyekundu amekuwa mifupa, naye bado amekumbatia zabibu zake, bado anacheka. Hernández alizaliwa Dinuba, kwenye mashamba hayohayo, na aliichora baada ya kugundua kwamba maji ya kwao yalikuwa na sumu za kuulia wadudu. Binti aliipenda sana. Nadhani ndiyo sababu alitaka bango lake nalo liseme kila kitu.

Manjano ilishachapwa, nyekundu ilishachapwa, karatasi zimekauka kwenye rafu. Ilibaki nyeusi, ambayo ndiyo inabeba mistari na maandishi yote. Tulikuwa tumetoa nakala moja ya majaribio mama alipokuja kumchukua binti yake, kofia kichwani, buti zina udongo mkavu. Hakuingia. Alisimama mlangoni akaomba tuliinue bango juu.

Akalitazama kwa muda. Kisha akasema jambo kwa Kihispania, na binti akawa mwekundu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anauliza pale chini ni nini. Kama ni sisimizi."

Tukamweleza kuwa ni kanuni. Akauliza zitasomewa wapi, na kabla hatujajibu akajibu mwenyewe: watu watalisoma wakiwa kwenye foleni ya choo, vile vyoo vya plastiki vinavyokokotwa hadi ukingoni mwa shamba, kwa sababu pengine popote hakuna nafasi ya kusoma. Halafu akaingia, akaweka kidole juu ya yule mwanamke aliyeinama. "Na huyu ni nani? Nani bado anainama? Sisi tunasimama juu ya mashine."

Hakuna aliyebisha. Mabango mangapi ya wakulima yana mtu aliyeinama! Umbo hilo linavutia, linaeleweka haraka, ila kwa nyanya za makopo kuinama kulikwisha zamani. Mwalimu alimpa mama kalamu na karatasi ya plastiki angavu, akamwekea juu ya nakala ya majaribio. Mama alichora bila madaha: ukanda unaosogea, reli ya kushikia, watu wanne bega kwa bega wakichambua, mmoja amefunika uso kwa kitambaa. Rundo jekundu lililokuwa miguuni likaingia sawasawa ndani ya ukanda, hata rangi mbili za mwanzo hatukuzitupa. Jua likabaki lilipokuwa. Binti akapiga mistari upya kwa wino mzito, kanuni nyingine akazifuta, zikabaki mbili tu kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani.

Nyeusi nilivuta mimi, maana kazi hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Kwa joto lile rangi ya maji inakauka ndani ya wavu ukizubaa, kwa hiyo hakuna kusimama: unaitandaza kwanza bila kukandamiza, unashusha fremu, unavuta kwa mikono miwili kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, unainua, mwenzako anachomoa karatasi na kuweka nyingine. Mama akawa ndiye mchomoaji. Kila karatasi aliikagua kingo, na moja ambayo herufi ya S ilikatika aliikataa, akanirudishia. "Maestro," yaani fundi, akasema, akionyesha kwa kidevu.

Kijana mmoja akataka ziwekwe namba na sahihi kwa penseli, kama nakala za makumbusho. Mama akauliza namba ya nini. Akaanza kugusa rafu kwa ncha ya kidole kutafuta zilizokauka, akazitia kwapani. Mwalimu alimwomba amwachie tano za kumbukumbu ya karakana. Alimwachia tatu.

Akiwa mlangoni akageuka. Namba anayoitaka yeye, akasema, ni ya simu, ya kupiga mtu akinyimwa kivuli. Jumamosi iliyofuata tukapaka dawa wavu mwingine.