Kadi ya mkopo ninapokuwa ugenini
Ninaposafiri nje ya nchi hubeba kadi mbili za mkopo kutoka benki tofauti na kuziweka mahali tofauti, kwa kuwa kadi ikizuiwa ugenini, kupata nyingine huchukua muda. Katika safari yangu ya hivi karibuni, mhudumu wa mkahawa alitaka kuondoka na kadi yangu ili akakamilishe malipo ndani. Nilimwomba kwa upole alete mashine mezani, naye akaileta bila kinyongo. Si kwamba nilimshuku. Utepe wa sumaku ulio nyuma ya kadi hubeba taarifa zisizobadilika, hivyo anayeupitisha kwenye kifaa cha kunakili anaweza kutengeneza kadi bandia, ilhali chipu, kile kipande kidogo cha kielektroniki kilicho mbele ya kadi, hutoa msimbo mpya kwa kila malipo. Mashine za kutolea fedha ninazotumia ni zile zilizo ndani ya benki tu, na hufunika vitufe ninapoandika namba ya siri hata nikiwa peke yangu, maana kamera ya wezi huwa ndogo mno kuonekana. Arifa za kila muamala hunifikia kwenye simu papo hapo, na kupitia programu ya benki naweza kuifunga kadi mwenyewe, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni la haraka kuliko kusubiri simu ipokelewe.