Dakika zilizotangulia risasi

Aprili 4, 2022, saa mbili asubuhi na kitu, Grand Rapids, jimbo la Michigan. Askari anasimamisha gari kwa kuwa namba zake hazilingani na gari lenyewe. Dereva, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 kutoka Kongo, anafungua mlango na kushuka. Askari anamwambia abaki garini. Anamuuliza kama anajua Kiingereza, anajibu ndiyo. Anamwomba leseni. Patrick anafungua mlango, anasema na abiria wake, anaufunga, kisha anaanza kuondoka. Askari anamshika. Anachomoka, anakimbia kidogo, wanaishia kung'ang'ana kwenye majani mbele ya nyumba za watu. Kugombea bunduki ya umeme ya askari kunachukua sekunde 90 hivi. Mwisho wake Patrick yuko kifudifudi, askari yuko juu yake, na risasi moja inapigwa kisogoni.

Hakuwa na silaha. Baba yake alipozungumza na waandishi wa habari siku chache baadaye, alisema kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri. Wengi wetu hatukumhitaji huyo mkalimani, na ndiyo sababu kesi hii hainitoki kichwani.

Kila mjadala unaofuata vifo vya namna hii huanza na swali moja: alikuwa na silaha au hakuwa nayo? Kadiri ninavyozidi kuusoma mkasa huu ndivyo ninavyoona swali hilo linakuja limechelewa. Linahusu sekunde ya mwisho, na kufikia sekunde hiyo karibu kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa.

Mahakamani mabishano yalizunguka kifaa kimoja, ile bunduki ya umeme, Teza. Inarusha mishale miwili midogo yenye nyaya. Umeme hupita mwilini kutoka mshale mmoja hadi wa pili, na misuli iliyo katikati ndiyo inayokakamaa. Kwa hiyo umbali ndio kila kitu. Katika modeli nyingi mishale hutengana kadiri ya sentimita 30 kwa kila mita 2 inazosafiri. Ukiifyatua ukiwa umekumbatiana na mtu, mishale inaingia karibu karibu, misuli michache tu inashikwa; mtu anaumia lakini haanguki. Mshale mmoja ukikosa, au ukinasa kwenye koti zito, umeme haupiti. Siku ile ilifyatuliwa mara mbili na mara zote mbili haikumpata. Kilichobaki ni matumizi ya kuigusisha mwilini, ambayo yanauma sana ila hayaangushi mtu kama mishale inavyofanya. Upande wa utetezi ulisema Patrick alikuwa ameishika Teza na askari alihofia maisha yake. Upande wa mashtaka ulisema hakukuwa na haja ya kuua.

Kamera ya kifuani haikuona mwisho wa jambo. Ilizimika katikati ya purukushani. Mkuu wa polisi alieleza kwamba kitufe chake hubonyezwa sekunde 3 mfululizo ndipo kamera izime. Tunayoyajua ya sekunde za mwisho yametoka hasa kwenye simu ya yule abiria. Kamera inayoweza kuzimwa na miili miwili inayogandamizana itakosa kurekodi pale pale inapohitajika zaidi, na hilo ni kosa la kiufundi linaloweza kurekebishwa.

Sheria yenyewe imejengwa juu ya kesi mbili. Ya kwanza ni ya Edward Garner, kijana wa miaka 15, Memphis, jimbo la Tennessee, mwaka 1974. Alikuwa anaparamia uzio usiku baada ya kuvunja nyumba. Askari alimmulika kwa tochi, akaiona mikono yake, akawa na uhakika wa kutosha kwamba hana silaha. Alimpiga risasi ya kisogoni ili asitoroke. Alikutwa na mkoba na dola 10. Sheria ya Tennessee ilimruhusu askari huyo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana: mtu anayekimbia haruhusiwi kuuawa kwa kukimbia tu, mpaka askari awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ni hatari kwa uhai wa watu.

Ya pili ndiyo inayotawala hadi leo. Dethorne Graham, mtu mwenye kisukari, alihisi sukari imeshuka, akaingia dukani Charlotte, North Carolina, mwaka 1984, kutafuta juisi ya machungwa. Akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Askari mmoja akaona mtu Mweusi anaingia dukani na kutoka haraka, akashuku. Graham aliishia na pingu mikononi na mguu uliovunjika. Hakuwa ameiba hata pipi. Mwaka 1989 mahakama hiyo hiyo ikaweka kipimo: nguvu ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale, isipimwe kwa hekima ya baadaye, na ikumbukwe kwamba maamuzi hufanywa kwa sekunde chache. Huangaliwa uzito wa kosa, kama mtu ni tishio la papo hapo, na kama anakataa kukamatwa au anakimbia.

Katika kipimo hicho "hana silaha" peke yake haitoshi kumtia askari hatiani. Akiamini kwa sababu zinazoeleweka kwamba yuko hatarini, sheria iko upande wake hata kama baadaye ikagundulika alichodhani ni silaha kilikuwa simu. Tena baadhi ya mahakama za rufaa ziliikaza kamba zaidi, zikitazama ule muda wa tishio tu na kuyafumbia macho yaliyotangulia. Askari angeweza kujirusha mwenyewe mahali pa hatari, kisha akahesabiwa haki kwa kuwa alikuwa hatarini.

Mei 8, 2025, kesi ya askari aliyemuua Patrick ilivunjika kwa sababu baraza la mahakama lilishindwa kuafikiana. Wiki moja tu baadaye, Mei 15, Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, ikasema kutazama muda wa tishio pekee ni kosa, na kwamba mazingira yote yapimwe. Hiyo ilikuwa kesi ya Ashtian Barnes wa Houston, aliyesimamishwa kwa gari lenye madeni ya ushuru wa barabara, akaishia kuuawa kwa risasi ya askari. Ilikuwa kesi ya madai, haikuhusu jinai ya Michigan, na mwendesha mashtaka wa Grand Rapids akatangaza mwezi huo huo kwamba hatarudia kesi. Lakini sasa nchi nzima imeambiwa itazame nyuma ya sekunde ya mwisho. California ilishatangulia: sheria yake inayotumika tangu Januari 2020 inataka nguvu ya kuua iwe ya lazima, na inahesabu pia mwenendo wa askari kabla ya risasi.

Ubaguzi unaingilia wapi? Watu huutafuta moyoni mwa askari, na hapo mjadala hukwama, kwa kuwa hakuna apimaye moyo. Aliyempiga Garner alikuwa Mweusi. Askari watano walioshtakiwa kwa kifo cha Tyre Nichols, Memphis hiyo hiyo, mwaka 2023, wote walikuwa Weusi. Mimi nauona zaidi mlangoni: nani husimamishwa, kwa kosa gani, na anavumiliwa kwa muda gani.

Hapo kuna vipimo vizuri. Kimoja ni cha giza. Chukua muda ule ule wa jioni, tuseme saa moja kamili hadi saa moja na robo. Miezi fulani huwa bado kweupe, miezi mingine kumeshaingia giza. Magari barabarani hayabadiliki sana, kinachobadilika ni kama askari anaweza kuona rangi ya dereva. Watafiti wa Stanford waliofanyia kazi takribani matukio milioni 100 ya kusimamishwa walikuta sehemu ya madereva Weusi miongoni mwa waliosimamishwa inapungua giza likiingia. Kipimo kingine ni mavuno ya upekuzi. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu polisi wa mji wa Ferguson, mwaka 2015, ilikuta madereva Weusi wakipekuliwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu, lakini wakikutwa na vitu haramu mara chache zaidi kwa asilimia 26. Maana yake, Mweusi alipekuliwa kwa shaka nyepesi zaidi.

Mwaka 2016 Roland Fryer wa Harvard alitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Alikuta Weusi wakisukumwa na kufungwa pingu zaidi, ila katika risasi hakuona tofauti. Wanaopinga kwamba kuna ubaguzi huyashika sana matokeo hayo. Wenzake wakamjibu kwa hoja ya hesabu ambayo inafaa kila mtu aielewe. Tuseme askari anasimamisha Wazungu 10, wote kwa kosa zito. Anasimamisha Weusi 50: 10 kwa kosa zito, 40 kwa taa iliyoungua. Mzungu 1 anapigwa risasi, na Weusi 2, wote kati ya wale wa kosa zito. Ukigawa kwa waliosimamishwa unapata asilimia 10 kwa Wazungu na asilimia 4 kwa Weusi, na utaapa Mzungu ndiye mwenye hatari. Lakini ukilinganisha wa kosa zito peke yao, ni asilimia 10 kwa Wazungu na asilimia 20 kwa Weusi. Wale 40 wasiostahili kusimamishwa ndio walioficha ubaguzi ndani ya hesabu.

Nikiulizwa kinachofaa kufanywa, naanzia huko huko mwanzoni. Philadelphia tangu 2022 imewazuia askari kusimamisha gari kwa makosa madogo kama taa moja ya breki au usajili uliochelewa kidogo, unaandikiwa, husimamishwi. Kibao cha namba zisizolingana hakimo humo, sisemi kingemwokoa Patrick. Louisville walifundisha askari kurudi nyuma, kujikinga na kitu, kununua muda na kuongea. Utafiti uliofuata ulikuta matumizi ya nguvu yamepungua kwa asilimia 28, na majeraha ya askari wenyewe kwa asilimia 36. Askari aliyeachia mtu anayekimbia, akiwa na gari lake na abiria wake mkononi, hajapoteza mengi.

Na kwa wale wa kwetu wanaoendesha huko, kuna jambo moja dogo. Huku dereva wengi wakisimamishwa na trafiki hushuka, wakamfuata, wakamsalimia, na huhesabiwa ni adabu. Kule kushuka husomwa kama tishio. Unabaki kitini, mikono juu ya usukani, taa ya ndani imewashwa kama ni usiku, na leseni ikiwa mfukoni unamwambia askari kwanza kabla mkono haujaenda. Abiria naye vivyo hivyo. Mzigo huu ulipaswa kubebwa na mwenye bunduki. Patrick alikuwa ameshakanyaga lami kabla askari hajafika mlangoni.