Sega lisilo na majana

Mwaka 2012 kikundi chetu cha wafuga nyuki kilikuwa na mizinga 11 kwenye kichaka cha migunga, upande wa Sengerema, mahali unapoliona Ziwa Victoria likimetameta. Minane ilikuwa ya mbao, ya viunzi, yaani fremu ambazo nyuki hujengea masega. Mitatu ilikuwa magogo aliyoyachonga babu yangu enzi za ujana wake. Tulikuwa watu 14, wengi wakina mama, na mimi nilipewa ukatibu kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne.

Mwezi wa sita tulirina asali. Masika yalikuwa yametubariki, masega mazito, meupe juu. Babu akasema kila mzinga tuwaachie nyuki masega sita. Mimi nilikuwa na daftari mkononi na bei ya mjini kichwani, nikasema mawili yanatosha. Wenzangu wakanisikiliza mimi. Nikazivusha ndoo mpaka Kigongo, ng'ambo ya ziwa, kwa kivuko, maana daraja lilikuwa halijajengwa, na ndani ya siku mbili nilikuwa nimemaliza kuuza.

Kikaingia kiangazi. Kazi za msimu huo tulizifanya zote kwa zamu: kufyeka chini ya mizinga, kupaka grisi kwenye waya ili siafu wasipande, kujaza maji kwenye makarai na kuweka vijiti juu yake ili nyuki watue wasizame. Ziwa lilikuwa karibu, lakini babu hakutaka nyuki wake wahangaike kule ufukweni kwenye upepo. Yote hayo tuliyafanya vizuri. Chakula ndicho tulichokuwa tumewanyang'anya.

Jioni moja mwishoni mwa Agosti babu aliniita tukague mzinga namba 4. Alipuliza moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, akasubiri, akainua kiunzi kimoja taratibu na kulielekeza sega kwenye jua linalozama. Mwanga ulipenya vitundu vyote, kimoja baada ya kingine, kama chekeche.

"Unaona mayai?"

"Sioni, babu."

"Majana je, watoto wa nyuki?"

"Hamna."

"Basi hawa wameshafunga virago, mjukuu wangu. Malkia kaacha kutaga. Walikuwa wanangoja wa mwisho waanguliwe tu."

Hakusema "nilikwambia". Alirudisha kiunzi mahali pake, akafunika, akaanza kushuka njia ya nyumbani. Nilitamani anigombeze.

Usiku ule nilichemsha maji na sukari, asubuhi nikayagawa kwenye visahani. Mizinga miwili ilikunywa. Namba 4 hawakugusa. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nilisikia mvumo kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati. Nilipofika walikuwa wanamwagika mlangoni kama mtama unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Wingu likajizungusha juu ya mihogo, watoto wakagonga madebe wakidhani watatua, nami nikakimbia chini yao pekupeku mpaka kwenye yale majabali yetu makubwa. Wakapita juu.

Kufikia katikati ya Septemba mizinga mitano ilikuwa mitupu. Tulipochelewa kuifungua, nondo wa nta walikuwa wameshaingia. Masega yamefungwa utando mweupe, funza wanajikunja ndani. Mpaka leo nikimsikia mtu akisema nyuki hawahitaji kutunzwa, eti wanajitafutia wenyewe, naumia kweli.

Kwenye kikao nilisimama nikasema kosa ni langu. Mama mmoja, ambaye alitegemea asali kwa ada ya mwanawe, alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Tunasafisha lini?"

Tulianza kesho yake. Tulikwangua utando, tukababua mizinga kwa ndani kwa nyasi kavu zinazowaka, tukapaka nta kwenye viunzi na kusugua mchaichai mlangoni ili harufu iwavute nyuki wapya. Kisha tukangoja mvua.

Ilianza kunyesha Oktoba. Wiki kadhaa baadaye, mchana, nilipita na ndoo ya maji nikaona nyuki kama kumi mlangoni mwa namba 4. Waliingia, wakatoka, wakazunguka mzinga, wakaingia tena. Nikamkimbilia babu.

"Wanapima nyumba," akasema. "Usiguse kitu."

Nilijaza karai kimyakimya, nikapanga vijiti, nikaenda kukaa mbali chini ya mgunga, naangalia.