Jani la Longyearbyen

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, mbali kupita Norway bara, huniuliza habari za baridi. Baridi ipo, sikatai. Lakini Julai ya 2019 nilipotua Longyearbyen, mji wa huko ulio nyuzi 78 kaskazini ya ikweta, nilivua koti zito kabla hata sanduku langu halijatoka. Ardhi yote ilikuwa ya kahawia, matope na kokoto, theluji imebaki mistari mistari kwenye makorongo ya milima. Nilikuwa mwanafunzi Tromsø, kaskazini mwa Norway, nimepata kibarua cha kusafisha vyumba vya wageni msimu wa kiangazi, na kichwani nilishajichorea dunia nyeupe tupu.

Baadaye nilielezwa kwamba mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupanda hadi pwani ya magharibi ya kisiwa ulipo mji huo, ndiyo maana meli hufika mahali ambapo kwingine kwenye latitudo hiyo pangekuwa pameganda. Na theluji si nyingi kama tunavyodhani. Ukijumlisha mvua na theluji ya mwaka mzima hapo mjini, unapata kama milimita 200 tu, pungufu ya nusu ya mvua ya Dodoma. Ni jangwa, ila la baridi.

Jingine lililonishangaza ni karatasi. Kwa Mkataba wa 1920 Svalbard iko chini ya Norway, lakini haina visa. Ukiweza kujilisha na kupata pa kulala, unakaa, uwe umetoka Bangkok au Muheza. Kasheshe ni kwamba ndege zinapitia Norway, na Norway visa inaitaka. Mlango hauna kufuli, ila uko ndani ya ua wa mtu. Pamoja na hayo, Wathai na Wafilipino wamejaa pale, na wengi nilifanya nao kazi. Wageni huvua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa ya mawe na vumbi lao, kwa hiyo hoteli nzima watu wanatembea na soksi. Sisi wa mifagio tuliwashukuru sana hao wachimbaji.

Basi jioni moja baada ya zamu, dada mmoja wa Kifilipino wa chumba cha kufulia akaniambia, "Twende tukaokote majani." Nikacheka. Majani gani? Tangu nifike sijaona mti. Nilishaanza kuukumbuka mwembe wa nyumbani kwetu Tanga kama mtu anavyomkumbuka ndugu. Akasema nivae viatu vya kupandia, kuna kijana wa mapokezi atakuja na bunduki.

Bunduki ni ya dubu. Sheria inamtaka anayetoka nje ya mji awe na kitu cha kumfukuzia dubu mweupe, na mwisho wa barabara kuna kibao chenye picha yake, chini kimeandikwa kwamba onyo hilo ni la Svalbard yote. Njia yetu ilianzia Nybyen, kwenye mabweni ya zamani ya wachimbaji, ikapanda kuelekea mto wa barafu wa Longyear, yaani barafu nene inayoteremka polepole bondeni. Kulungu wa huko, wanene, wenye vimiguu vifupi, walikuwa wanakula kando ya njia wala hawakutushughulikia. Ilikuwa yapata saa mbili usiku na jua halikuwa na habari ya kuchwa. Mwezi ule halizami kabisa. Kwa swala nilikuwa nafuata saa za Makka kwenye simu, maana ukisubiri Magharibi pale utasubiri hadi Agosti.

Nikamuuliza yule kijana kama kweli kisiwa kizima hakina mti. Akasimama, akaniambia niinue mguu. Chini ya kiatu changu kulikuwa na vijani vya kijani, vidogo kuliko ukucha. Huo ni mti, akasema, aina ya mwerebi wa nchi za karibu na ncha ya dunia, una shina la mbao kabisa, lakini hutambaa chini na kimo chake hakifiki kidole. Tulikuwa tunaukanyaga msitu tangu Nybyen.

Akataka kujua natoka wapi. Nilipotaja Afrika Mashariki akamtaja Wangari Maathai. Februari 2008 alikuja hapohapo, yeye na waziri mkuu wa Norway, wakaingiza kasha la kwanza kwenye ghala la mbegu za dunia lililochimbwa ndani ya mlima karibu na uwanja wa ndege. Mbegu zinahifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kunde za Afrika zimo. Mama aliyetumia maisha yake kupanda miti, akaja kusimama mahali ambapo mti hauvuki kifundo cha mguu! Ningelipa nauli kujua alichowaza.

Tulipofika mbele ya barafu nilivunjika moyo kidogo. Si nyeupe. Imefunikwa kifusi, mawe na tope ambavyo barafu yenyewe imevisukuma na kuvibwaga. Tukainama tukaanza kugeuza mawe bapa, mikono inauma. Jiwe la kwanza tupu, la pili tupu, nikaanza kuwaona wenzangu wamechanganyikiwa. Kisha dada akanigongea moja kwa nyundo, likafunguka katikati.

Ndani mlikuwa na jani. Sisemi alama inayofanana na jani ukikaza macho. Lilikuwa jani la duara lililochongoka nchani, na mishipa yote imetoka kwenye kikonyo ikasambaa, ungeweza kuihesabu. Kijana akasema lina umri wa miaka milioni 50 au zaidi, toka wakati dunia nzima ilipokuwa na joto na huku kukiwa na misitu. Kilichonitoa jasho ni kwamba hata wakati huo Svalbard ilikuwa kaskazini sana, kwa hiyo miti hiyo ilipitisha miezi ya giza kila mwaka, mingi ikipukutisha majani na kungoja jua. Makaa ya mawe ya Longyearbyen, ambayo kampuni ya Mmarekani John Longyear ilianza kuyachimba mwaka 1906, ni mabaki ya misitu ya zama hizo. Na kuna makaa ya zamani zaidi, kule Pyramiden, ya wakati kisiwa kilipokuwa bado karibu na ikweta, kabla mwendo wa mabamba makubwa ya ardhi haujakisukuma kaskazini. Nikamwambia basi tulikuwa majirani, ni wao waliohama.

Usingizi haukuja usiku ule, na jua limejaa dirishani. Nilipohesabu kwamba Tanga wameshaamka kwa Alfajiri, nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona huko ni mchana tayari?"

Nikamwambia ni saa kumi na nusu usiku. Hakuamini hadi nilipomwonyesha saa ya ukutani, na hata hapo alisema saa yao mbovu. Nikamweleza habari ya nchi isiyo na miti.

"Sasa wanapikia nini?"

"Umeme, mama. Unatokana na makaa ya mawe. Na hayo makaa yalikuwa miti, zamani."

"Kumbe miti walikuwa nayo, wameimaliza." Nikajaribu kumweleza habari ya miaka milioni 50, akanikatiza. "Hebu nione hilo jani."

Nikalisogeza jiwe kwenye kamera. Akavaa miwani, akalitazama huku na huku, akamwita na shangazi aje aone.

"Hilo si tambuu hilo?" akasema. "Tafuta popoo na chokaa, ule."