Fizi za mdogo wangu

Leo nimemsindikiza mdogo wangu kwa daktari wa meno. Ana mimba ya miezi mitano.

Akipiga mswaki anatema damu. Nyumbani wote walimwambia ni mimba tu, itapita.

Daktari akasema homoni za mimba kweli huvimbisha fizi, ila zisipuuzwe: tangu utafiti wa Marekani wa 1996, ugonjwa mkubwa wa fizi umehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wiki 37. Haijathibitika kwamba kuutibu wakati wa ujauzito kunazuia hilo, lakini matibabu ni salama.

Mdogo wangu akashika tumbo. "Naweza kusafishwa meno leo leo?"

Swali lile limenikaa moyoni.

Kliniki wanapima presha, damu, mkojo. Mdomo je?

Kina mama, nyie mliwahi kuulizwa kuhusu fizi?