Pweza wanafungiwa mwamba Pemba

Jamani tokea nirudi kutoka Kisiwa Panza, kule Pemba, akili yangu iko kwa pweza tu. Kule wanakijiji wenyewe wanafunga kipande cha mwamba wa baharini kwa miezi kadhaa pweza wasivuliwe, huingii na mchokoo, ile fimbo ya kumtolea pweza tunduni, wala huzamii, na doria wanapeana zamu watu wa hapohapo. Afu siku ya kufungua maji yakitoka bamvua, yaani yakikupwa sana, kijiji kizima kiko pwani, kina mama, vijana, wazee.

Kwa nini pweza? Kwa sababu anakua haraka mno, anaishi kama mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, kwa hiyo ukimwacha miezi mitatu unamkuta mkubwa kweli, sio wale wadogo ambao mnunuzi anakupa hela ya sabuni. Jike akitaga anakaa pangoni analinda mayai, hali chochote, yakishaanguliwa anakufa, sasa ukimchomoa kabla umepoteza maelfu ya watoto kwa kitoweo cha siku moja. Wavezo, watu wa uvuvi wa kijiji cha Andavadoaka kule Madagascar, walianza mtindo huu 2004 na wengi wakaiga.

Kinachoniuma ni wanaovizia usiku mwamba ukiwa umefungwa. Mama mmoja kaniambia yeye kavumilia miezi yote hiyo kwa kuuza maandazi, mwengine anakuja na tochi anaondoka na ndoo. Hapo mimi nasema kina mama wanaotembea mwambani wawe wengi kwenye kamati ya wavuvi, wao ndio wanaojua kila tundu, na wao ndio wanaolala njaa mwamba ukiibiwa.